Kompyuta Isiyosema Hapana

Hapo zamani, na msidhani ni mbali, ni zamani hii ambayo kompyuta zilikuwa zimeshapanda mpaka milimani, palikuwa na hospitali juu kabisa mlimani, na ndani yake palikuwa na friji la damu, na friji hilo halikufunguliwa kwa neno la mtu. Lilifunguliwa kwa neno la kompyuta.

Ilikuwa hivi. Sista anaandika jina la mgonjwa, anabonyeza, swali linashuka mpaka mjini kwenye kanzidata, yaani ile hazina yenye habari za kila chupa ya damu. Kanzidata inatazama, inajibu, kompyuta inasema "Toa," na friji linafunguliwa. Ikija na maandishi mekundu, "Imeshindikana," sista anampigia daktari, daktari anaruhusu, friji linafunguliwa kwa ufunguo. Lakini kufungua kabla kompyuta haijasema lolote? Thubutu! Sista mmoja alijaribu, akafukuzwa, watu wakamwona anashuka mlima na begi lake kichwani.

Programu hiyo aliiandika kijana aitwaye Kiariro. Mwanzo aliiwekea ukomo wa kusubiri: uliza, ngoja kidogo, jibu likichelewa acha, sema imeshindikana. Ikafanya kazi. Halafu siku moja mtandao ukawa mzito, programu ikachoka kungoja ikasema imeshindikana, sista akabonyeza tena. Kumbe kanzidata ilikuwa imeshafanya kazi ya kwanza, jibu tu ndilo lililochelewa njiani! Ikafanya na ya pili. Mgonjwa mmoja akaandikiwa chupa mbili, na mama aliyekuja baadaye akaambiwa damu imekwisha wakati chupa iko pale pale kwenye friji, baridi, nzima. Yule mama alishushwa bondeni akapona, lakini Kiariro alichekwa kila alikopita.

"Programu yako ina haraka wewe, kama imeacha chungu jikoni!"

Kiariro alijua dawa yake. Ukomo ubaki, ila programu ikichoka kungoja iulize kwanza, "Lile ombi langu lilifika?" ndipo ibonyezwe tena. Lakini hiyo ni kazi, na alikuwa na kazi nyingine, na kicheko kilikuwa kinamuuma. Basi akaona autoe ukomo wote, hayo mengine atayafanya baadaye. Programu ikauliza na kungoja mpaka ijibiwe, hata ingoje muda gani. Watu wakasema sasa imekaa vizuri, ina subira.

Sasa, katika mlima huo alikaa mwanamke kijana, Nakunda, na mtoto wake wa kwanza, Nietiwe, ambaye hata kukaa mwenyewe alikuwa bado. Malaria ikamshika mtoto. Asubuhi alikataa ziwa, jua lilipopanda viganja vyake vikawa vyeupe, vyeupe jamani, mama akimgeuza anaona hata ndani ya midomo hakuna rangi. Akambeba mgongoni, akakimbia.

Daktari alimtazama mara moja tu akaagiza damu, kisha akaitwa chumba cha upasuaji. Sista Elinami akaandika jina, akabonyeza. Duara dogo likaanza kuzunguka kwenye kioo.

"Subiri, Mama Nietiwe, jibu linakuja sasa hivi."

Nakunda akasubiri. Sista akasubiri. Kompyuta ikasubiri.

Kule mjini alikuwepo mtunza kanzidata, Dada Nashesha. Wakubwa wake walitaka muhtasari wa mwaka mzima, na walitaka siku ile ile. Kazi ya kufanywa watu wakiwa wamelala, yeye akaianzisha mchana. Muhtasari ukakamata kanzidata yote, maswali mengine yakapanga foleni nyuma yake. Nashesha aliiona foleni. Akasema moyoni, hakuna programu isiyo na ukomo siku hizi, wakichoka wataacha wenyewe. Akaenda kuchukua chai.

Duara likazunguka.

Kwenye benchi alikaa mama mmoja mnene aliyekuja na mguu wake mbovu, akakitazama kile kioo akasema, "Linazunguka kama mcheza ngoma wa harusi, na bwana harusi mwenyewe haonekani!" Watu wakacheka. Nakunda naye alicheka kidogo, maana alikuwa anaogopa.

Nje gari la kushuka bondeni likapiga honi. Bondeni kuna hospitali kubwa, damu ipo. Dereva akachungulia. "Mama mwenye mtoto, unapanda au huna safari?"

Nakunda akamtazama sista. "Sista, niende?"

"Ukienda jibu litakuja hupo. Ningekuwa nimeambiwa imeshindikana ningekwambia panda. Si hivyo, iko inafanya kazi, unaiona."

Akaiona. Inazunguka. Gari likaondoka.

Nakunda akasubiri. Sista akasubiri. Kompyuta ikasubiri. Mtoto hakusubiri.

Akavuta pumzi moja ndefu, halafu Nakunda akangoja nyingine, akangoja, akangoja, akamtikisa, akamwita jina. Na chupa ilikuwa mle ndani ya friji, ng'ambo ya ukuta, kundi lile lile la damu ya mtoto.

Wakazika. Na kwa watu wa mlima ule palikuwa na desturi hii: siku ya kuondoa matanga, wanaotajwa katika kifo huja wenyewe kuketi mbele ya mfiwa, na mfiwa hushika kata ya maji. Anayepewa akanywa, amesafishwa. Mmoja lazima anyimwe, na anayenyimwa hasalimiwi tena mlimani pale, yeye wala nyumba yake. Na mfiwa akiwanywesha wote, basi kifo kinabaki kwake mwenyewe, maana watu watasema anajua alichofanya.

Wakaja watatu. Wakaketi chini. Mama mkwe akampa Nakunda ile kata, akamwambia, "Sema nao, mwanangu."

Kiariro akaanza, macho chini. "Pole, dada. Mimi ndiye niliyeutoa ukomo. Lakini niliutoa kwa sababu uliwahi kumnyima mtu damu. Mlinicheka wote hapa. Mlitaka programu yenye subira, nikawapa. Na hata kama iko tayari kungoja mwaka, kanzidata isingekamatwa mchana kweupe, jibu lingekuja papo hapo."

Dada Nashesha akasema, "Mchana nilikosea, nakiri. Lakini Kiariro, kanzidata inapokea maswali elfu. Mimi nitajuaje kwamba huyu anayeuliza ana mtoto anakata roho, na yule anahesabu mashuka? Anayeuliza ndiye anayejua ana haraka kiasi gani. Yeye ndiye wa kusema mwisho wangu wa kungoja ni hapa. Wewe uliijua programu ni ya damu, na hukusema."

"Na foleni uliiona," Kiariro akamjibu. "Ukaenda kunywa chai."



Sista Elinami alikuwa analia hata kabla ya kufungua mdomo. "Mama Nietiwe, ufunguo ulikuwa shingoni kwangu. Nilikuwa naushika, naushika. Kompyuta ingesema hapana, ningekimbia. Haikusema hapana! Haikusema chochote, na mwenzangu alifukuzwa kwa kufungua bila neno, na nina watoto wanaokula kwa kazi hii. Ningefungua, halafu sekunde ile ile lije jibu kwamba ile chupa ni ya mtu mwingine aliye mezani anapasuliwa tumbo? Ningekuwa nimeua huyo."

Shangazi wa marehemu, mwanamke wa maneno makali, akasema kutoka nyuma bila kuulizwa, "Na gari je? Mbona gari lilipiga honi? Mama mwenye uchungu si angepanda?"

Hakuna aliyemnyamazisha. Mama mkwe alitazama pembeni.

Nakunda akasimama na kata mikononi, maziwa yamemjaa kifuani hayana wa kuyanyonya, kanga yote imelowa. Wale watatu wakainua nyuso, kila mmoja ana kiu, kila mmoja ana nyumba. Na nyuma yao watu wa mlima wanangoja aanze na nani, amruke nani, au awape wote ajibebeshe mwenyewe.

Haya, ninyi mliokaa hapa na watoto mapajani, msinitazame mimi, mtazameni Nakunda. Je, nani alistahili kunyimwa maji?