Fimbo ya Kupimia Bafta

Inasimuliwa na wazee waliopokea kwa wazee wao, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba zama za Waislamu wa Andalusi, huko Ulaya, palikuwa na mji wenye ukumbi mkubwa wa kuuzia nguo. Paa lake lilikuwa la matao, na chini yake maduka madogo madogo yalibanana. Katikati palisimama nguzo ya mawe iliyochongwa alama mbili: toka hapa hadi hapa ni dhiraa halali. Zamani kila muuzaji alikuwa akilinganisha fimbo yake ya kupimia na nguzo hiyo. Kisha watu wakazoeana, wakaaminiana, na nguzo ikabaki pambo la kuonyeshwa wageni.

Humo alifanya biashara mja mmoja mcha Mungu, Khalafu bin Wahbi, muuza bafta na kitani. Fimbo yake aliirithi kwa marehemu baba yake, Mzee Wahbi, ambaye uaminifu wake ulikuwa methali mjini. Mtu akitaka kusema kwamba jambo halina hila, alisema, "Hiki ni kipimo cha Wahbi." Khalafu akiyasikia hayo kifua kilimjaa furaha, na nani angemlaumu?

Siku moja alifikiwa na shemeji yake, Maimuni, kutoka mji wa Fasi, aliyekuwa na hamu ya kuuona ukumbi ule. Khalafu akamtembeza duka kwa duka, kwa bashasha ya mwenyeji. Walipofika kwenye nguzo, Maimuni, ambaye mikono yake haikujua kutulia, akaitwaa fimbo mkononi mwa Khalafu na kuisimamisha kwenye alama.

Haikufika. Ilipungua upana wa vidole viwili.

"Igeuze," akasema Khalafu. Maimuni akaigeuza, ikawa vilevile. Ndipo Khalafu akakumbuka jinsi baba yake alivyoisugua ncha kwa mchanga kila ilipochanika, ili isikwaruze nguo za watu. Uungwana uleule ndio uliokuwa ukiila fimbo, mwaka baada ya mwaka.

"Shemeji, wewe hukukusudia, wala marehemu hakukusudia," Maimuni akanong'ona. "Chonga nyingine, toa sadaka, unyamaze. Aliyesitiriwa na Mola wake haifai ajivue nguo mwenyewe."

"Mimi si kitu," akajibu Khalafu. "Ni baba. Leo watu wakimtaja humwombea rehema. Kesho watamtajaje?"

Ushauri ule ulimwingia, tusiseme uongo. Akanyamaza. Lakini baada ya swala ya alasiri aliinua mikono kumwombea baba yake kama ilivyokuwa ada yake, na dua ikamshinda. Aliona haya. Vipi amwombee mzee wake wepesi wa hesabu, ilhali haki za watu zimemning'inia shingoni, na mwana awezaye kumtua mzigo huo anachelea maneno ya sokoni?

Asubuhi yake akasimama mlangoni pa ukumbi, fimbo mkononi.

"Enyi jamaa! Fimbo hii ni fupi. Mimi sikujua, wala baba yangu hakujua. Aliyenunua kwangu au kwake, aje nimkamilishie haki yake, au anisamehe kwa ajili ya Mungu."

Watu wakapigwa na butwaa. Mmoja akaangua kicheko. "Kumbe ndicho kipimo cha Wahbi!"

Neno lile lilimchoma Khalafu hadi ndani ya moyo, akavuta subira, akafungua majora yake na kuanza kukata. Wengi walisamehe. Wengine, hata wasiowahi kununua uzi kwake, walijipanga kwa nyuso za waliodhulumiwa, naye akawapa.

Adhuhuri ikikaribia akaja ajuza mmoja, Bi Lubaba, mjane wa mwashi. Hakunyoosha mkono kama wenziwe.

"Mwanangu, hata bafta ya sanda uliipimia fimbo hii?"

"Hata hiyo, mama. Nisamehe."

Bi kizee akaketi palepale sakafuni, akalia kwa sauti. "Sanda ya mume wangu ilitoka kwako. Ilipofika miguuni ikaisha, tukamfunika miguu kwa majani. Watu wakanong'ona kwamba nguo imemkataa kwa madhambi aliyoyaficha. Nami, Mungu aniwie radhi, niliishi naye ujana wangu wote, nikaja kumshuku yumo kaburini. Kumbe ni fimbo!"

Khalafu, machozi yakimtiririka, akatwaa jora zima na kumwekea miguuni. Bi Lubaba akalisukuma kando.

"La nini sasa? Inua mikono, mwanangu. Tuanze na baba yako."

Wakaomba, na ukumbi mzima ukaitikia amina, na yule aliyecheka alikuwamo. Kisha Bi Lubaba akashika njia ya kwao, na kila aliyemsalimu alimtajia jina la mumewe na kumwombea rehema.

Ndugu zangu, Khalafu alidhani anakwenda kuvunja heshima ya maiti mmoja, kumbe Mola amemtuma kuirudisha ya mwingine. Hatujui ni nani anayelala na uchungu kwa sababu ya kimya chetu. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zisizochelewa kusema kweli.