Swali Lililowekwa Kwenye Mengineyo

Wapendwa, fungeni vitabu vyenu kidogo mnisikilize. Na wewe uliyeshika simu hapo nyuma, iweke mfukoni. Leo nimepanda hapa mimbarani nikiwa nimeudhika, na sina mpango wa kuudhika peke yangu.

Palikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa na watoto wawili katika sekondari moja ya kata. Binti alikuwa kidato cha tatu na mdogo wake wa kiume kidato cha kwanza. Jumanne moja, kijana wa darasa la yule binti alikuja shuleni na gobore la mjomba wake, lile la kufukuzia nyani shambani. Alilizungushia gunia, akalifunga pamoja na jembe. Ilikuwa siku ya kazi za shamba la shule, na ni nani anayemkagua mwanafunzi aliyebeba jembe? Saa nne, wenzake wakiwa kwenye foleni ya uji, akalifyatua.

Vipande vya chuma vilimpata binti begani na shingoni. Hakufa, lakini daktari alisema mkono ule huenda usinyanyuke tena. Wengine watatu walijeruhiwa. Na yule kijana hakukimbia. Alikaa chini palepale, gobore likiwa mapajani, mpaka polisi walipokuja kumchukua.

Shule ikafungwa. Jumamosi ukaitishwa mkutano wa wazazi, na mama akatoka wodini moja kwa moja, mkononi ana chupa ya uji ambao binti alishindwa kuumaliza. Hakwenda kumshitaki mtu. Alikuwa na swali moja tu. Shule ingefunguliwa Jumatatu, na yule mdogo alikuwa hapati usingizi kwa woga. Mama alitaka kuuliza: Jumatatu nimlete mwanangu, au nisimlete? Basi. Niambieni ninyi, hilo ni swali la kuhitaji mkutano mzima?

Walikutana darasani, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagota kwenye mbao. Mbele palikuwa na meza yenye kitambaa na chupa za maji, na nyuma ya meza, ukutani, lilitundikwa sanduku la mbao la rangi ya bluu lenye kufuli, limeandikwa MAONI. Mwenyekiti wa bodi ya shule akasoma ajenda. Kufungua kikao. Salamu za mgeni rasmi. Chanzo cha tukio. Mengineyo. Kufunga kikao.

Mama akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, mimi nina swali."

"Mama, pole sana. Sote tuko pamoja na wewe," mwenyekiti akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli. "Swali lako tutalipokea kwenye mengineyo."

Mama akashusha mkono. Mnaijua mengineyo, si mnaijua? Ni kile kijiajenda cha mwisho kinachowekwa ili mtu asiseme amenyimwa nafasi.

Likaanza la chanzo. Wa kwanza kusimama alikuwa mzee mmoja, askari mstaafu, naye akasema chanzo ni fimbo. "Tangu walimu waanze kuogopa kuchapa, watoto wamekuwa hivi. Sisi tulichapwa, na tazameni tulivyo!" Watu wakamtazama alivyo, wengine wakapiga makofi. Akasimama baba mmoja, akasema chanzo ni simu. Mwingine akasema siyo simu, ni lile banda la video pale sokoni. Mwenye banda la video alikuwemo humo humo, naye ni mzazi, akasimama kwa hasira.

"Banda langu lina miaka kumi na mbili! Mbona hawakupiga watu risasi miaka yote hiyo? Chanzo ni bangi, na wanaoilima mnawajua na mnawaamkia."

Hapo zikalipuka kelele. Mama mmoja aliyejitanda kanga akasema chanzo ni akina mama wa siku hizi, hawakai nyumbani. Mwenzake akamgeukia, "Na akina baba wanakaa wapi?" Akasimama bwana mwenye tai, akazungumzia utandawazi kwa dakika ishirini na hakuna aliyejua ameishia wapi. Mchungaji naye alikuwepo, akasema ni pepo. Msinitazame hivyo, sikuwa mimi. Lakini ningekuwepo, labda ningesema hivyohivyo, maana ukisema ni pepo, hakuna atakayekuuliza wewe ulikuwa wapi.

Sasa sikilizeni. Sisemi walisema uongo. Fimbo, simu, bangi, malezi, huenda kila mmoja alishika kipande chake cha ukweli. Lakini mama yule alikaa kwenye lile dawati dogo, mgongo unamuuma, akagundua jambo lililomchosha kuliko usiku wote aliokesha hospitali. Kila aliyesimama alitaja chanzo kinachokaa nyumba ya jirani. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Mimi." Na jina la yule kijana halikutajwa kabisa. Kwa saa tatu aliitwa "tukio".

Akanyoosha mkono mara ya pili. "Mama, mengineyo." Mara ya tatu. "Mama, nimekuona, vumilia tu." Mara ya nne mwenyekiti alimwonyesha kiganja tu, kama tunavyowaonyesha watoto tukiwa tunaongea na wageni.

Saa nane ikafika. Mgeni rasmi akatazama saa yake, akasimama, akasema maneno mazuri. Alisema michango imekuwa mizito na haifai ipotee. Kwa hiyo kila mzazi aandike kwenye karatasi kile anachoona ndicho chanzo, karatasi zitiwe kwenye sanduku la maoni, na itaundwa kamati ndogo ya kuzipitia. Wakapiga makofi, wakapumua. Mwalimu mmoja akachana daftari, akagawa karatasi. Mwenyekiti akasema, "Basi, kwa hayo, tusimame tufunge."

"Na mengineyo?" mama akauliza.

"Muda umetutupa mkono, mama yangu. Wewe liandike tu hilo swali lako, utie sandukuni. Litafanyiwa kazi."

Maneno yale yalimgusa mahali, kama anayakumbuka, lakini hakujua ameyasikia wapi. Akaandika. *Jumatatu nimlete mwanangu, au nisimlete?* Akakunja karatasi, akapita katikati ya madawati, akawa wa kwanza kufika sandukuni.

Karatasi haikuingia. Akaikunja tena iwe ndogo zaidi, akaisukuma kwa kidole. Haikuingia. Akachungulia kwenye ule mdomo wa sanduku.

"Limejaa," akasema.

"Haliwezi kujaa," mwenyekiti akasema. "Nani atakuwa amelijaza?" Kisha akamgeukia mwalimu. "Hebu lete sanduku jingine. Au hata boksi la chaki, watu wanataka kuondoka."

Mnaona? Sanduku limejaa, na mtu mzima mwenye akili zake anaagiza jingine!

"Hapana," mama akasema, na safari hii hakunyoosha mkono. "Fungueni hili."

Mkuu wa shule akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akamtazama mkuu wa shule. Kila mmoja alidhani ufunguo uko kwa mwenzake. Mkuu wa shule akaeleza kwamba kwa utaratibu, sanduku hufunguliwa mbele ya wajumbe watano wa kamati ya maoni, na kamati ile haijawahi kutimiza akidi.

"Haijawahi tangu lini?"

"Tangu lilipozinduliwa, mama. Miaka miwili sasa." Na aliyelizindua alikuwa yule yule mgeni rasmi. Alilikatia utepe kabisa.

Mama akatoka nje. Pale barazani ilining'inia rimu ya gari inayotumika kuwa kengele ya shule, na pembeni yake chuma cha kuigongea. Akakichukua kile chuma, akarudi ndani. Hakuna aliyemzuia. Akagonga kufuli mara mbili, mara ya tatu likang'oka na kipande cha mbao, na karatasi zikamwagika sakafuni, nyingi, za madaftari, nyingine zimekunjwa mpaka zimekuwa ndogo kama vidonge.

Mwalimu aliyekuwa karibu akainama, akaanza kusoma kwa sauti, labda kwa sababu hakujua afanye nini kingine. "Uji una wadudu." Watu wakacheka kidogo. "Choo cha wasichana hakina mlango, tunaomba mlango." Hawakucheka. Akaokota ya tatu. "Mimi ni wa kidato cha tatu. Leo ni mara ya nne wananifungia chooni na kunimwagia maji machafu. Nimemwambia mwalimu wa zamu, akasema niwe mwanaume. Naomba mtu aje." Ya nne ilikuwa na mwandiko ule ule. "Nilishaandika. Hakuna aliyekuja. Siandiki tena."

Aliyesema fimbo akawa anatazama viatu vyake.

Mama hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa ameona karatasi moja karibu na mguu wake, na mwandiko ule aliujua. Ni ule uliomwandikia vipimo vya wateja kwenye daftari lake la ushonaji. Akaiokota. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Mwalimu akataka kuipokea, mama akakataa, akaisoma mwenyewe kwa sauti, wote wakasikia.

"Mwalimu, kuna mwenzetu wanamtesa sana. Jana aliniambia kwao kuna gobore na yeye amechoka. Mimi naogopa. Nilimwambia mama, alikuwa anashona sare za watu. Akasema, si mna sanduku la maoni? Andika utie, litafanyiwa kazi. Ndiyo nimeandika."

Ndipo alipokumbuka maneno yale aliyasikia wapi. Aliyasikia kinywani mwake. Akamkumbuka binti amesimama mlangoni, anavuta uzi uliochomoza kwenye kanga, anasema, "Mama, kuna jambo." Na yeye aliyasema bila kunyanyua macho kutoka kwenye sindano.

Wapendwa, mama yule hakuwa mama mbaya. Ningependa awe mbaya, tungepumzika. Zile sare alizishona ili watoto wake wasome.

Mwenyekiti akasogea karibu yake. "Mama, tunakusikiliza sasa. Uliza lile swali lako."

"Mnisikilize mimi?" akasema. "Aliyetaka kusikilizwa siyo mimi." Akaweka chuma cha kengele juu ya meza ya mgeni rasmi, akachukua chupa yake ya uji, akaondoka.

Alifika wodini, akavuta kiti, akakaa karibu kabisa na kitanda. Akamshika binti yule mkono unaofanya kazi.

"Mwanangu, lile jambo ulilotaka kuniambia," akasema. "Niambie sasa. Nimeacha kushona."

Binti akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja mama.

"Nikuambie nini tena, mama?"

Naishia hapo. Mlitaka nimpe mama jibu zuri la kumfariji? Sina. Nimelitafuta wiki nzima.

Lakini ninyi nina la kuwaambia, na mimi nikiwemo. Likitokea jambo kama lile tunakaa saa tatu, tunatafuta chanzo, na tunakipata kila mara, tena kila mara kiko kwa mwingine. Serikali itazame ya kwake na walimu watazame ya kwao, sawa, na mwenye gobore alifungie. Hayo yote yafanyike, na yafanyike kweli. Ila wewe mzazi, usinijie mlangoni baada ya ibada kunieleza vijana wa siku hizi wameharibika. Nitakuuliza: wa kwako alikuambia nini juzi? Hujui. Hujui kwa sababu ulimwambia asubiri. Kuna mtu alikuwa kwenye simu, kuna mtu taarifa ya habari, na kuna mtu, Mungu anisamehe, alikuwa anaandaa mahubiri. Wa kwangu alikuja mlangoni Alhamisi. Nilimwonyesha kiganja.

Tumewaweka watoto wetu kwenye mengineyo. Tunawapenda, tunawalipia, tunawaombea kwa sauti kubwa, halafu tunawapanga mwisho wa ajenda, na muda huwa haufiki.

Kwa hiyo leo nimebadilisha utaratibu. Matangazo ya usharika, harambee ya bati, ratiba ya kwaya, na taarifa ndefu ya mzee wa kanisa ambayo najua ameiandaa, vyote nimevipeleka kwenye mengineyo, na mengineyo leo hatufiki. Nendeni nyumbani sasa hivi, kabla chakula hakijapoa. Mkifika, muulize mtoto, kisha unyamaze. Akisema hana la kusema, usinyanyuke. Kaa hapohapo.

Mimi nitangulie, kuna mtu ananisubiri tangu Alhamisi.