Bandeji ya Goti Zima

Uvumi ulimfikia mama kupitia mdomo wa dereva wa basi la timu, aliyekuwa amekuja kupunguziwa suruali. Huku akijitazama kiooni, dereva alisema kwamba kuna mchezaji anayefunga bandeji kwenye goti zima na kuliacha bovu wazi. Jina alilolitaja lilikuwa la mwana wa mama huyo huyo; akacheka, akaenda zake. Mama alibaki na mguu juu ya pedali ya cherehani, na tangu siku hiyo neno lile lilimganda kama kupe.

Mwanawe alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa. Wenzake walimpachika jina la Begi, kwa kuwa katika miaka kumi na mmoja alikuwa amehama timu tisa. Hakuwa nyota, alikuwa kiraka. Mwenye nafasi akiumia, Begi huitwa. Mwenye nafasi akipona, Begi hufungashwa virago. Mama alizichukia timu zote tisa, na kila jezi aliyoletewa aliikata akaifanya matambara ya kupangusia cherehani.

Begi aliporudi nyumbani kusubiri majaribio ya timu ya kumi, mama alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akaipandisha suruali yake. Goti la kulia, lenye bandeji, lilikuwa zima, imara kama gogo. La kushoto lilikuwa limeumuka kama unga wenye hamira.

"Hii ni akili au wazimu?" mama aliuliza.

Begi alieleza bila haya kwamba madaktari wa timu wana haraka. Hubonyeza penye bandeji, wakikuta pazima wanatia saini. "Hakuna timu inayosajili mguu mbovu, Mama. Msimu mmoja tu, kisha natulia."

"Msimu mmoja umeusema tangu timu ya sita. Mguu si kandambili, kwamba ikikatika tutanunua nyingine. Mficha maradhi, mwanangu, kilio humuumbua."

"Siumwi maradhi, Mama. Ni goti tu."

Mama alifoka mpaka sauti ikamkauka. Lakini bandeji ile ilikuwa imefumuka, na Begi alipomwomba aishone, aliishona. Alifoka huku akishona. Hasira ya kosa hilo haijamtoka hadi leo.

Daktari wa timu ya kumi alibonyeza, akatia saini. Katika mchezo wa tatu, mama akiwa jukwaani, Begi aliruka kudaka mpira uliogonga ubao, akatua kwa mguu wa kushoto. Kilio chake kiliunyamazisha ukumbi. Daktari alikuja mbio na barafu, akapiga magoti, akaanza kufungua bandeji. Alilinyoosha goti zima, akalikanda, akalifunika barafu, huku lile lililokatika likiachwa sakafuni na Begi akilia asiweze kutamka neno.

"Si hilo!" mama alipaza sauti. "Ni la kushoto. Bandeji hiyo ni ya uongo, nimeishona mimi!"

Ukumbi mzima ukamgeukia.

Kesho yake meneja wa timu alifika wodini na karatasi ya vipimo yenye saini ya daktari, akasema Begi amewadanganya, hivyo timu haimtambui.

"Amedanganya, sikatai," mama alimjibu. "Na daktari wenu aliyepima bandeji badala ya mtu, yeye mnamtambua?"

Meneja aliikunja karatasi yake, akaaga. Jibu lile halikumsaidia mama lolote, maana mpasuaji alishasema goti lile halitakunjika tena. Begi alikuwa ameugeukia ukuta.

"Mama, nenda na begi langu nyumbani," alisema. "Halihami tena."

Basi vijana na waepuke haya: kumficha daktari panapouma, kusema "msimu mmoja tu", kurukia mguu unaouma kwa kuogopa benchi la akiba, kuifurahia saini ya daktari asiyevua bandeji. Nanyi akina mama, msishone kile mnachokikemea.

Mficha maradhi, kilio humuumbua.