Tabasamu la Haule

Tegeni masikio, na mwenye usingizi akalale kwao. Mimi niliishia darasa la tano, la sita nikaona halinifai. Lakini kesi za mashamba ya kahawa na za wake wenza zimeishia mdomoni mwangu. Hii imenishinda, nawatwika ninyi.

Pale Mbinga palikuwa na studio ya Haule: picha, mabango ya maduka, kadi za harusi, ratiba za mazishi. Wafanyakazi wake walikuwa watatu. Kapinga alikuwa na mkono: akikuona mara moja, penseli yake haikusahau. Fotunata alikuwa na jicho: kilichochanika alikiunga kwenye kompyuta. Zenobi alikuwa na mdomo: aliiamuru ile programu mpya inayochora yenyewe, nayo ikachora. Kisha watu wakaanza kujitengenezea kadi kwenye simu zao. Studio iliyolisha wanne ikawa haishibishi hata wawili.

Haule akagongwa na lori. Sitawaeleza alivyokuwa, jeneza nililibeba mimi, tena upande mzito. Lilipigiliwa misumari mapema. Mama yake, Bibi Matrida, akakaa mkekani akasema, "Siwezi kuzika mbao. Nionyesheni uso wa mwanangu."

Uso upi? Aliyepiga picha mji mzima hakuacha hata picha moja ya kwake, na kitambulisho alikuwa nacho mfukoni siku ile ya lori.

"Atakayenirudishia uso wake," akasema bibi, "ufunguo wa studio ni wake. Mmoja tu. Watatu mtafia njaa humo."

Kapinga akachora kwa kumbukumbu ya miaka ishirini. Hata kovu la kwenye nyusi likakaa mahali pake. Bibi akatazama. "Ni yeye, baba. Lakini hana damu."

Fotunata akapekua picha za harusi za zamani. Haule alikuwa ndani ya vioo, nyuma ya maharusi: hapa sikio, pale taya, kule jicho moja kando ya kamera. Akavikata vipande hivyo, akavipanga kwa kufuata mchoro wa Kapinga. Bibi akafunika macho. "Lori limemkata mwanangu mara moja, mama. Wewe umemkata tena."

Zenobi akaipa programu mchoro na vile vipande. "Ziba mishono. Mpe uhai. Usiongeze kitu." Hazikupita dakika mbili, Haule akatokea mzima, na kovu lake, anatabasamu.

Bibi akaisogeza karatasi karibu na macho. "Amenichekea," akanong'ona. "Miaka sita tumenuniana, kumbe amenisamehe. Mzikeni."

Tukazika. Udongo haujakauka, ugomvi ukaanza.

"Bila mkono wangu mngemjulia wapi?" akasema Kapinga.

"Penseli haina macho, kaka. Macho nimeyatoa mimi," akasema Fotunata.

"Ninyi mlimletea bibi maiti mbili," akasema Zenobi. "Mimi nimemletea mtu."

"Mtu? Haule alitabasamu lini?" akauliza Kapinga.

Kwenye mchoro hakutabasamu. Ndani ya vioo hakutabasamu. Na Zenobi hakuomba tabasamu.

Mpaka leo bibi anailaza picha kifuani, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kitenge. Kila asubuhi anawauliza, "Wanangu, nani alinipatanisha naye?"

Haya, wajuzi. Ufunguo mngempa nani? Na kabla hamjampa, je, mngemwambia bibi kwamba hakusamehewa na mtu?