Sinia la Mlangoni

"Kabla hujatunga, uliza panapoliliwa."

Methali hiyo mmeisikia leo kwa Bwana Rajabu, alipousoma mchezo wenu wa kuigiza kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akaufunga, akatamka maneno hayo manne na kwenda zake kunywa chai. Mmenuna, nawaona. Mmedhani amewatukana. Hajawatukana hata kidogo, na mchezo wenu unachekesha, hasa pale mlipomuigiza Mzee Tindwa akifagia kila asubuhi baraza ya nyumba isiyokaliwa na mtu. Nami nimecheka. Lakini kaeni kwanza, sogeeni huku penye upepo, na wewe Mundhir iweke hiyo simu. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mji mdogo uitwao Mtondooni, mji wa nyumba za mawe na vichochoro vyembamba ambamo watu wawili wakikutana, mmoja hana budi kupita kwa ubavu. Wanawake wa mji huo walikuwa na kisomo chao. Kilitungwa kwa Kiarabu na mwalimu mmoja wa zamani wa mji huohuo, cha kumsifu Mtume na kuwakaribisha waliokuja kumsifu. Kila Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, Alhamisi mbili mfululizo baada ya sala ya alasiri, walikusanyika ukumbini kwa Bi. Mwanamkuu kukisoma. Wanaume walikuwa na visomo vyao msikitini, na hiki hawakukigusa.

Sasa, maana ya Kiarabu chenyewe walikuwa hawaijui. Msicheke. Wangapi kati yenu wanajua maana ya nyimbo wanazoimba barabarani? Kisomo walikijua kwa mahadhi yake. Walijua wapi pa kuinua sauti, wapi pa kurusha marashi, wapi pa kuingiza masinia ya halua. Sinia moja liliwekwa mlangoni likiwa limefunikwa kawa, na hakuna aliyeligusa mpaka kisomo kimekwisha, kisha halua yake ikagawiwa watoto wa jirani. Na palikuwa na mahali pa kulia. Wakifika hapo sauti zote zilishuka, wazee wakavuta pembe za leso zao, wakalia kilio cha kweli cha machozi na kamasi, halafu wakajifuta na kuendelea.

Katika mji huo aliingia Sauda binti Yakubu, ameolewa na Haruna mwana wa Bi. Mwanamkuu. Kwao kulikuwa Ukwajuni, ng'ambo ya mto. Baba yake alikuwa mwalimu, akamfundisha Kiarabu tangu hajang'oka meno ya utoto, na utunzi aliupata mwenyewe, kama wengine wanavyozaliwa na mkono wa kupika. Majirani walikaa wakingoja kusikia mkwe na mama mkwe wakigombana, maana jiko lilikuwa moja. Walingoja mpaka wakachoka. Wale wawili walipendana. Jioni Sauda alimsukia mkwewe nywele, na mkwewe akimwekea ukoko wa wali, kwa kuwa alishajua kwamba mkaza mwana huyu anaupenda ukoko kuliko nyama.

Lakini macho ya Bi. Mwanamkuu yalikuwa yanaingia ukungu, na kisomo kilikuwa hakina mrithi. Wasichana walikuja kwa ajili ya halua. Walikaa barazani nje wakipiga soga, masinia yakiingia wakaingia nayo, yakitoka wakatoka nayo. Mkuu wao kwa soga alikuwa Zulekha, mjukuu wa Bi. Mize, na Bi. Mize ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote mjini.

"Mwanangu," Bi. Mwanamkuu alimwambia Sauda siku moja, "nikifa mimi, kisomo hiki kitafukiwa nami. Hawa watoto hawawezi kupenda wasichokielewa. Kitie kwa Kiswahili. Kitunge, kiwe utenzi, waingie ndani."

Sauda aliona kama amevishwa taji. Alikuwa bado anaitwa mgeni mjini, na hapa amekabidhiwa kitu cha wenyewe. Alijifungia chumbani na kitabu chake, asubuhi hata adhuhuri, akipima mizani kwa vidole. Mara mbili au tatu Bi. Mwanamkuu alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Umefika pale petu?"

"Pale wapi, mama?"

"Pale."

"Pote nitafika, mama, usihofu," Sauda alijibu akicheka, na kalamu haikusimama. Alisikia neno tu, hakuusikia moyo wa aliyelisema.

Ikaja Alhamisi ya kwanza. Ukumbi ulijaa pomoni, na wasichana, kwa mara ya kwanza, waliketi ndani. Sauda akasoma. Kiswahili chake kilitiririka, wazee wakatikisa vichwa kwa raha, Bi. Mwanamkuu akawa anawagusa wenzake magoti kana kwamba anasema, mnamsikia mwanangu? Kisha wakafika pale. Mahadhi yakashuka, masinia yakawa yanaingia, leso zikaanza kuvutwa, na Sauda akasoma alichokikuta kitabuni:

*Wageni wamewasili,*
*leteni tende, asali,*
*furaha iwe kamili,*
*nyumba imechangamka.*

Zulekha akaguna. Akajiziba mdomo, akashindwa. "Kumbe miaka yote mnalilia tende!" Kicheko kikaruka kutoka kwake kikaenda kwa wenzake, na mara ukumbi mzima wa wasichana ulikuwa unacheka, wengine wameshikana mabega. Wazee walibaki na leso mkononi, hawajui wazirudishe wapi.

Bi. Mize aliinuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipofika mlangoni aligeuka akamtazama Sauda. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Sauda zaidi.

"Mwanangu, umetunyang'anya kilio chetu," alisema. "Alhamisi ijayo msinihesabu."

Wazee wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Kisomo hakikumalizwa siku ile, jambo ambalo halikuwahi kutokea mjini Mtondooni.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Sauda alianza kukusanya masinia huku analia na kujitetea kwa pamoja, kama tufanyavyo sote tukikosea.

"Lakini mama, ndivyo kilivyoandikwa! Naapa, sikuongeza herufi. Ni wageni, wanakaribishwa, kuna tende na asali. Hakuna msiba pale. Ningewaongopea?"

"Hukuongopa," Bi. Mwanamkuu alisema. Alikuwa ameketi palepale alipokuwa, mikono mapajani.

"Basi kosa langu nini?"

"Sijui, mwanangu. Mimi sijui Kiarabu."

Sauda akainama kulichukua lile sinia la mlangoni. Aliponyanyua kawa aliona halua imekaa nzima, haijaguswa. Tangu aolewe alikuwa akilipita sinia lile kila mwaka, na kila mwaka alijiambia kuwa ni la watakaochelewa. Sasa akasimama nalo mikononi.

"Mama," aliuliza taratibu, "kwani pale mlikuwa mnamlilia nani?"

Bi. Mwanamkuu akainua uso. "Mimi nilimkuta mama yangu analia, nami nikalia. Baadaye nikawa na wangu wa kuwalilia. Mwanzo wake anaujua Bi. Mize. Nenda kesho. Lakini usiende na karatasi, nenda na masikio."

Asubuhi Sauda alimkuta Bi. Mize uani, anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Ungo haukusimama.

"Nimekuja kuuliza nilichopaswa kuuliza kabla. Pale, bibi, mnamlilia nani?"

Ungo ukasimama. Bi. Mize akamwonyesha kigoda.

"Nimekaa mji huu umri wangu wote," alisema, "na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Keti."

Akamweleza. Alikuwa msichana mdogo, wa kubeba sinia dogo, mwaka ndui ilipoingia Mtondooni. Msomaji alikuwa bibi yake mzaa mama, na bibi huyo alikijua Kiarabu, ndiye wa mwisho kukijua. Ugonjwa ulipopita, Mfungo Sita ukafika, nao wakasema kisomo hakitaachwa. Wapishi wakapika kwa mazoea, sufuria zilezile, kipimo kilekile.

"Tukaingiza masinia kama tulivyozoea," Bi. Mize alisema. "Tukayaweka chini. Hapakuwa na mikono ya kuyafikia, mwanangu. Tuliobaki tulikuwa hatujazi hata mkeka mmoja. Na bibi yangu alikuwa anasoma palepale, wageni wamewasili. Alisoma neno hilo akaangalia mlangoni. Akalirudia, akaangalia mlangoni tena. Kisha akalia, nasi tukalia naye. Alipoweza kusema, akaniambia, Mize, chukua sinia moja kaliweke pale mlangoni, tumwekee asiyekuja. Dada yangu Somoe alikuwa mmoja wa hao waliochukuliwa na ndui. Alikuwa anapenda halua ya chini, ile iliyogandamana na sufuria."

Sauda alihisi aibu, na juu ya ile aibu alihisi mapenzi makubwa kwa wanawake hawa. Kumbe hawakukosea. Walikuwa wanalia mahali penyewe hasa, na maana waliyoishika ilikuwa nzito kuliko ile aliyoitoa yeye kitabuni. Akaushika mkono wa Bi. Mize akaubusu, na hakuahidi kitu.

Wiki ile hakujifungia chumbani. Alipita nyumba hadi nyumba kwa wale wazee, akawasaidia kuchambua kunde na kukuna nazi, na kila mmoja akamtajia wake. Mmoja alikuwa analilia mtoto aliyeishi kutwa moja. Mwingine alimlilia shoga yake. Siku ya Jumatano ndipo alipoishika kalamu, tena kalamu ya wino mwekundu.

"Kwa nini mwekundu?" Bi. Mwanamkuu aliuliza, maana rangi hiyo macho yake yaliweza bado kuiona.

"Ubeti huu haumo kitabuni, mama. Ni wetu. Sitaki kesho mtu amsingizie yule mwalimu wa zamani neno ambalo hakulisema."

Bi. Mwanamkuu akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Huo ni uungwana. Lakini wataukubali? Na Mize asipokuja, wengine hawaji, na huo ndio mwisho wa kisomo."

Alhamisi ya pili wasichana walikuwepo, tena wametulia, kwani Zulekha alikuwa amesemwa kwao mpaka masikio yakamchonyota. Upande wa wazee mkeka ulikuwa mtupu. Ubani ulikuwa unafuka bure. Bi. Mwanamkuu akatega sikio uchochoroni, hakusikia kitu, akasema kwa sauti ndogo, "Anza, mwanangu." Sauda akaanza.

Alikuwa hajafika mbali alipoisikia bakora ikigonga sakafu. Bi. Mize aliingia, na nyuma yake wenzake wote. Hakwenda kukaa mbele mahali pake. Alikaa mlangoni, karibu na sinia.

Wakafika pale. Mahadhi yakashuka, masinia yakaingia, na Sauda akausoma ubeti wa tende na asali kama ulivyo. Hakuna aliyecheka. Kisha akageuza ukurasa, akasoma kwa wino mwekundu:

*Na asofika mgeni,*
*sinia li mlangoni,*
*tu naye humu moyoni,*
*pake hapajafutika.*

Kisha Bi. Mize akaivuta pembe ya leso yake akalia, na wazee wakalia naye, na safari hii walijua wote wanalia kwa neno gani. Sauda mwenyewe hakuweza kuendelea. Bi. Mwanamkuu, ambaye hakuiona karatasi, aliushika ubeti ule kwa kuusikia mara moja tu, akaurudia peke yake kwa mahadhi ya zamani, na wasichana wakaupokea. Zulekha alikuwa analia kuliko wote, na aliyekuwa akimlilia ni marehemu mama yake, maana hakuwahi kupata mahali pa kumlilia mbele za watu.

Kisomo kilipofungwa, Zulekha ndiye aliyelibeba sinia la mlangoni kuligawa kwa watoto. Alitembea uchochoroni polepole, sambamba na bibi yake.

"Bibi, na wewe mgeni wako ni nani?"

"Dada yangu, Somoe. Njoo nikwambie alivyokuwa, maana mmefanana kwa utundu."

Mwaka uliofuata Zulekha alikaa mbele, akisoma mahali pa Bi. Mwanamkuu, ambaye macho yalikuwa yamefunga kabisa. Na utunzi nao ukampanda kichwani. Siku moja alimwendea Bi. Mize na daftari jipya, kalamu sikioni, akamwambia anataka kutunga utenzi wa kuutengeneza mji huu, uachane na mambo yake ya kizamani, aanzie wapi? Bi. Mize alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Kabla hujatunga," alisema, "uliza panapoliliwa."

Zulekha akaiweka kalamu chini, akavuta kigoda. Maneno yakatoka ua ule yakaingia mjini, yakavuka mto, na leo yamefika hapa kwenu.

Basi hayo ndiyo aliyowaambia Bwana Rajabu. Hakusema msiandike. Hata hakusema msichekeshe, maana Sauda naye hakuufuta ubeti wa tende. Chukueni mchezo wenu. Kesho asubuhi, kabla jua halijapanda, mtamkuta Mzee Tindwa na ufagio wake kwenye baraza ile mlioicheka. Msalimieni. Karatasi ziacheni nyumbani. Muulizeni anamfagilia nani, kisha kaeni chini.

Kabla hujatunga, uliza panapoliliwa.