Chapuo na Kinu cha Boma

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mmeitikia puani. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na boma lao, na boma lilikuwa na desturi. Mlinzi hupimwa kwa kinu. Pua ikifika ukingoni, analinda. Isipofika, anakwenda zake.

Siku moja akaja mbwa, teke teke teke. Miguu mifupi, mkia wima, manyoya magumu kama fagio, nyusi zimefunika macho. Na ndevu. Ndevu hasa, hata beberu alimwonea wivu. Jina lake Chapuo. Babu zake walitoka nchi ya baridi, wakaja kwa meli wakikamata panya njia nzima. Yeye alikuwa ametembea siku tatu akitafuta pa kukaa. Miguu ilimuuma, lakini hilo hakulisema.

"Shikamoo, Babu Punda," akamwambia mzee wa boma. "Nimekuja kulinda."

"Marahaba. Simama kwenye kinu."

Chapuo akasimama. Pua ikafika katikati. Akanyoosha shingo. Katikati palepale.

"Hukufika," akasema Punda.

"Kinu chenu kirefu mno," akasema Chapuo. "Kipunguzeni."

Wakacheka, kwa kwa kwa. Aliyecheka zaidi ni Jabali, mbwa mlinzi, aliyekipita kinu kwa kichwa kizima. Chapuo hakuona cha kuchekesha. Alijijua ni mkubwa. Kosa lilikuwa la kinu.

Mara Mama Tembe, kuku, akaja mbio. "Panya Buku kaingia ghalani tena. Umebaki mfuko mmoja wa mahindi ya mbegu. Akiumaliza huo, mwaka huu hatupandi, na mwakani hatuli."

Wakakimbia wote. Buku akawatazama, akakwapua mfuko, akaingia shimoni, fyuu!

Jabali akatia kichwa. Kichwa kikakwama. Wakamvuta miguu, wakavuta, wakavuta, akatoka masikio yamekunjamana.

"Nipisheni," akasema Chapuo.

"Wewe hukufika kinu," akasema Punda.

"Kwani humu shimoni mna kinu?"

Akachimba. Kwaru kwaru kwaru. Udongo ukamjaa Punda usoni. Ukabaki mkia tu, kisha mkia nao ukapotea. Chini ikanguruma sauti nene: Wau! Wau! Buku alikuwa gizani, haoni kitu, akadhani limeingia fahali. Akatupa mfuko, akatokea upande wa pili, na hajarudi mpaka leo.

Chapuo akatoka kinyumenyume, mfuko mdomoni, ndevu zimejaa udongo. Mama Tembe akalia kwa furaha. Punda akakohoa, akakipiga kinu teke, kikaanguka.

"Kaa, mjukuu wangu," akasema. "Hapa ni kwenu."

Wakampeleka kwenye karai la maji anawe ndevu. Akainama. Majini akaona kijibwa kifupi, kina ndevu, kinamtazama.

"Na huyu mdogo ni nani?"

Wanyama wakatazamana. Mama Tembe akasema polepole, "Ni mlinzi wetu mpya."

"Huyu? Mbona hata kinu hafikii." Chapuo akamwonea huruma. "Basi mwacheni alale karibu yangu. Nitamlinda."

Hakuna aliyemwambia. Na nyinyi mkimkuta, msimwambie.

Funzo ni hili: kabla hujampima mwenzio urefu, mpe kazi umwone. Hadithi yangu imeishia hapo kinu kilipoanguka.