Bei ya Yai la Mgonjwa

Sogeeni, wanangu, masikio mbele, midomo nyuma.

Palikuwa na mjane, Bi Siwema, aliyefuga kuku wa kienyeji. Mchana walijitafutia chakula msituni, jioni wakarudi. Siku moja zimwi jike akabisha hodi.

"Mwanangu mgonjwa, hali kitu ila yai. Bei gani?"

"Kibaba cha mtama."

Akalipa. Kesho yake zimwi aliporudi, Siwema akaona shida ile ni soko, akasema, "Vibaba viwili." Akalipa. Siku ya tatu Siwema akasema, "Vitatu."

"Mtama umeniishia, Bi Siwema. Kuku wako hula kwangu msituni, nami sijakudai hata punje."

"Bei ni bei."

Zimwi akaenda zake akilia.

Jioni ile kuku hawakurudi. Siwema, moyo ukimsuta, akabeba kikapu cha mayai akawafuata msituni. Akawakuta wamezunguka kaburi dogo, zimwi ameliinamia akilia. Kila chozi la zimwi lililowadondokea liliacha doa jeupe. Walikwisha kuwa kanga, ndege wa mwituni.

Siwema akapiga magoti. "Chukua yote, dada yangu. Bure."

Zimwi akayatazama yale mayai. "Nimpe nani?"

Siwema akakitua kikapu kando ya kaburi. Basi, wanangu. Ngano imeniishia hapo.